Kilichokuwa Nyuma ya Paka

Picha zilikuwa tisa, zimefungwa kwa utepe wa nywele, chini ya godoro la mwanangu, upande wa ukutani. Sikuzitafuta. Mbele ya Mungu nasema, nilikuwa natafuta kunguni. Ila mama anayetafuta kunguni kwenye kitanda cha binti wa miaka ishirini na nne asishangae akikuta kingine.

Nikaketi palepale kitandani, nikafungua utepe.

Zote zilikuwa za wanyama. Mbwa wetu Mtasema amelala kibarazani. Mtasema anapiga mwayo. Mtasema ameweka kichwa kwenye mapaja ya Winfrida, macho yake yenye ukungu wa uzee yanamtazama kwa chini. Sungura wa jirani. Mbuzi aliyepanda juu ya pikipiki ya mtu. Na ya mwisho kabisa, paka wa rangi ya majivu amejikunja ndani ya beseni, usingizi umemzidi. Zilikuwa zile picha nene zenye ukingo mweupe, ambazo kamera inazitoa palepale kama mtu anayetoa ulimi. Nyuma ya kila moja kulikuwa na tarehe na maneno machache ya kalamu. “Ili tusimsahau.” “Leo alikuwa na furaha.”

Mwandiko wa Gervas.

Huyu Gervas alikuja kwetu Kilakala mwaka jana akichanja mbwa. Ndiyo kazi yake, anapita nyumba kwa nyumba na boksi la barafu begani, na kwenye boksi la pili ana kamera aliyoachiwa na mhadhiri mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Karatasi zake anaagizia Dar kwa taabu, kwa hiyo hapigi ovyo. Anachuchumaa, anangoja, hata robo saa nzima, mpaka mnyama afanye kile anachokifanya yeye peke yake. Halafu ndiyo anabonyeza.

“Kwa nini usipige kwa simu kama wenzako?” nilimuuliza siku ile ya kwanza.

“Simu ikiibiwa, mama, na mbwa wako kaibiwa humo humo. Hii ukishaishika ni yako.”

“Na kwa nini mbwa? Watu wameisha?”

“Watu wanajipiga wenyewe kutwa. Mbwa nani anampiga? Huyu wako ana miaka kumi na tatu, mwakani huenda hayupo. Utabaki unasema alikuwa na sikio moja limelala. Lipi? La kulia au la kushoto?”

Nilikuwa sijui, na mbwa nalala naye ua mmoja.

Alipoondoka nikamwambia Winfrida, “Huyo ni wakala wa wezi. Anayekusanya picha za mbwa anajua nyumba ipi ina mbwa mkali na ipi ina kizee kisicho na meno.”

“Mama, mwizi anakuja na chanjo?”

“Mwizi anakuja na chochote.”

Winfrida akacheka. Nami nikaona jinsi alivyocheka akiitazama njia aliyopita yule kijana, wala hakuyacheka maneno yangu, nikajua tayari kuna kitu kimeibiwa.

Wenzangu mtakaosoma hapa mtasema mama huyu ana roho mbaya. Ngojeni niwaambie roho hiyo niliipata wapi. Baba yake Winfrida alifanya kazi kiwandani, Turiani. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na sukari, na mikate, na maneno matamu. Majirani walikuwa wakimsema, akaleta mtoto wa mbwa akampa jina la Mtasema, tukacheka wote wawili. Alipofariki, nilikuta mkeka wa pili msibani. Mwanamke mwenye watoto watatu, analia jina lilelile ninalolia mimi. Kumbe majirani walikuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo sitazami kitu mbele. Natazama nyuma yake. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini hilo somo nimelisoma hadi mwisho.

Basi nikazisogeza zile picha dirishani, nikavaa miwani. Nyuma ya Mtasema anayepiga mwayo kuna ndoo zangu. Nyuma ya Mtasema wa kibarazani kuna dirisha la sebule, na dirishani kuna mwanamke ameshika pazia kwa vidole viwili, anachungulia, uso umekunjamana kama embe la mwaka jana. Ilinichukua muda kujua ni mimi. Nikaona aibu, halafu nikaiweka aibu pembeni, nikachukua ya paka.

Nyuma ya paka kulikuwa na kamba ya nguo.

Kwenye kamba kulikuwa na khanga, gauni la mtoto lenye maua, mdogo tu, wa miaka minne au mitano, na shati la bluu. Shati lilianikwa karibu kabisa, juu ya beseni. Vifungo vyake vilikuwa vyeupe isipokuwa kimoja cha pili kutoka juu, kikubwa kuliko wenzake, cha kijani.

Kifungo hicho nilikishona mimi. Jumatatu ya Pasaka Gervas alikuwa anacheza na Mtasema uani, mbwa akaling'ata shati, kifungo kikaruka, tukakitafuta hatukukiona. Nikamwambia livue. Nikang'oa kifungo cha koti langu kuukuu, nikalishona shati akiwa amejifunga taulo la Winfrida mabegani, tunacheka. Siku hiyo, nakiri, nilimpenda kidogo. Alinishukuru kwa mikono miwili. Nilisema moyoni, labda huyu.

Nikageuza picha ya paka. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa tano. Pasaka ilikuwa imeshapita. Na Gervas alikuwa ametuambia anaishi peke yake Kingolwira, karibu na stesheni ya reli, chumba na sebule, hana hata wa kumpikia uji.

Nilizifunga picha nane kwa utepe, nikazirudisha. Ya tisa nikaitia kwenye sidiria.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumapili yake wazee wa Gervas walikuwa wanaleta barua ya posa.

*

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Kwa hiyo kaka yangu Bonifasi alishuka kutoka Mgeta tangu Jumamosi na gunia la karoti na suti yake ya kahawia. Siku nne zile nilipika, nikafagia, nikapokea salamu, na picha ikawa inanichoma kifuani kama kaa la moto. Mara mbili nilimwita Winfrida jikoni nimweleze. Mara ya kwanza alikuwa anaimba. Mara ya pili aliniuliza, “Mama, nikiolewa Mtasema atabaki na wewe au niende naye?” Nikamwambia achambue mchele.

Nilijiambia hivi: nikimwambia yeye, atamwambia Gervas, na Gervas atapata muda wa kutunga. Nikisema mbele ya wazee, hana pa kukimbilia. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili baada ya misa mshenga akafika. Mzee Gabrieli, mpole, mstaafu wa reli, kofia mkononi. Posa kwa desturi mposaji haingii, kwa hiyo Gervas alibaki dukani kwenye njia panda akingoja kuitwa au kutokuitwa. Winfrida alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, amevaa kitenge kipya. Nilikuwa nazisikia bangili zake.

Mzee Gabrieli akatoa bahasha kutoka mfuko wa koti, akaiweka mezani juu ya kitambaa. “Tumeona ua zuri kwenye nyumba hii,” akaanza.

“Maua tunayo mengi,” kaka Bonifasi akajibu kwa lafudhi yake ya milimani, “mengine yana miiba. Mama yake huyo hapo.”

Wakacheka. Mimi sikucheka.

“Kabla kaka yangu hajaigusa bahasha,” nikasema, “nina swali moja. Mzee, kijana wako ana mke?”

“Hana, mama.”

“Mtoto?”

Mzee Gabrieli akazungusha kofia. “Mimi nimetumwa kijana hana mke.”

“Nimeuliza mtoto.”

“Magreth,” kaka akaniita kwa sauti ya chini, “umeanza.”

Nikaitoa picha kifuani, nikaiweka juu ya bahasha.

Kaka aliishika, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. “Paka,” akasema.

“Tazama nyuma ya paka.”

“Nguo.”

“Shati la nani?”

“Nitajuaje shati la nani, dada? Mimi ni dobi?”

Nikamweleza habari za kifungo. Nikamletea koti langu kuukuu lenye nafasi tupu. Kaka akampa mshenga picha. Yule mzee aliitazama, na nikaona hakuitazama kama mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza. Bangili za chumbani zikawa hazisikiki tena.

“Mwite,” kaka akasema.

“Desturi hairuhusu…” mzee akaanza.

“Desturi haijui kamera hizi. Mwite.”

Gervas aliingia na lile boksi la kamera begani, maana hatembei bila hilo. Mtasema, ambaye huwabwekea hata mapadre, akajikokota nyuma yake akitingisha mkia mpaka mlangoni, akalala juu ya viatu vyake.

“Shikamoo mjomba.”

“Ujomba hatujaufikia. Kaa.”

Akakaa. Akaona picha mezani. Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka hivyo, kama pazia lililokatika kamba. Lakini hapohapo, na hili lilinitia shaka zaidi, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

“Kamba hii ni ya wapi?” kaka akauliza.

“Kwangu.”

“Shati?”

“Langu.”

“Khanga unavaa wewe?”

“Hapana. Ni ya Doreen.”

“Doreen ndiye nani?”

“Mama wa mtoto wangu. Mtoto anaitwa Josephina, ana miaka mitano. Waliondoka mwaka juzi, wakaenda kwao. Mwezi wa tatu mtoto aliugua, wakarudi. Sikuweza kuwaambia wakalale stesheni.”

“Hilo ni jambo jema,” kaka akasema. “Mtoto amepona?”

“Amepona.”

“Lini?”

“Mwezi wa nne.”

“Na huu ni mwezi wa saba.”

Gervas akatazama viatu vyake, na mbwa aliyevilalia.

“Una chumba na sebule,” nikasema mimi. “Doreen analala wapi?”

Nilimngojea kama yeye anavyowangojea wanyama. Robo saa ingepita, ningemngojea. Mzee Gabrieli alikuwa anahesabu vifundo vya kitambaa cha meza.

Pazia likafunguka.

Winfrida alisimama na kitenge chake kipya. Hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaiinua picha, akaishika kama mtu anayeshika kitu cha mwenzake.

“Hii ulinipa wewe mwenyewe,” akamwambia.

“Ndiyo.”

“Hukuona kamba?”

“Niliiona.”

“Unapiga karatasi moja kwa wiki, unasema ni ghali kama dhahabu. Unapanga mpaka kivuli. Halafu kamba imepita hivihivi?”

“Haikupita, Winfrida.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nilikupa makusudi. Nilishindwa kusema kwa mdomo. Nikasema nikimpa hii ataona, ataniuliza, na nikiulizwa nitajibu. Nilingoja. Kila tukionana nilikuwa nangoja. Hukuuliza.”

Nawaambia, nilikuja nimejiandaa kwa uongo. Uongo ninaujua, nimelala nao kitanda kimoja miaka kumi na moja. Kwa hili sikuwa nimejiandaa.

“Kwa hiyo kosa langu,” Winfrida akasema.

“Sikusema hivyo.”

“Miezi miwili nimelalia hii picha. Usiku naitoa namwangalia paka. Unajua kwa nini? Kwa sababu ulinipa ukaniambia, mwone alivyolala, hana wasiwasi na dunia. Ulinionyesha paka kwa kidole, Gervas. Kidole chako kilikuwa hapa.” Akagusa. “Ukataka nione kule.”

“Nakupenda. Hilo sikudanganya. Wamuulize hata mbwa.”

“Doreen anajua kuna barua imeletwa leo?”

Gervas akaushika mkanda wa boksi lake.

“Au naye umempa picha aangalie?”

Mzee Gabrieli akajikohoza. Kaka Bonifasi akainua mkono, na sote tukamtazama, kwa sababu kilichobaki kilikuwa chake. Posa ikifika, kabla bahasha haijafunguliwa, binti huitwa aulizwe swali moja mbele ya wote. Akisema ndiyo, barua inapokelewa. Akisema hapana, inarudi ilikotoka, na hakuna mtu wa kumbembeleza, si baba si mjomba. Nimewahi kuona mabinti wakilijibu kwa kuinamisha kichwa tu.

“Mjomba,” kaka akamwambia Winfrida kwa upole, kwa maana wajomba kwetu wanaitana hivyo na watoto wa dada zao, “hawa wageni waliokuja leo, unawafahamu?”

Winfrida alimtazama Gervas muda mrefu. Mimi mama yake, sitaki kuwaficha, nusu yangu ilikuwa inaomba aseme ndiyo. Nilikumbuka mikono miwili iliyopokea shati. Nilikumbuka jinsi anavyochuchumaa kwa mnyama mzee ambaye hana faida tena kwa mtu. Nilitamani niwe nimekosea, hata kifungo kiwe cha mwingine.

Winfrida akainama, akamkuna Mtasema nyuma ya sikio, akasimama.

“Mbwa wetu anamfahamu,” akasema. “Mimi simfahamu.”

Kaka akaichukua bahasha kwa mikono miwili, haijafunguliwa, akamrudishia mshenga. Mzee Gabrieli akaipokea kwa mikono miwili, akavaa kofia. Winfrida akamwekea Gervas picha ya paka juu ya boksi la kamera.

“Huyu si wangu,” akamwambia. “Mpelekee Josephina.”

Pilau lilibaki kwenye sufuria.

*

Nilimfuata jikoni. Nilitaka kumshika, nilitaka kumwambia nimekuokoa, mwanangu, nimekuokoa na mkeka wa pili. Alikuwa amesimama anatazama jiko lililozimika.

“Uliipata lini?” akaniuliza bila kugeuka.

“Jumatano.”

“Jumatano. Na leo ni Jumapili.”

“Nilitaka mjomba wako ashuhudie.”

“Uliniita hapa jikoni mara mbili. Nikakuuliza habari za mbwa ukaniambia nichambue mchele.” Sasa akageuka. “Ungeniambia hapahapa, mama. Ningelia hapahapa. Ningemkataa mwenyewe kule Kingolwira, mlangoni kwake, kwa mdomo wangu. Umenivua nguo mbele ya mzee wa watu na kofia yake.”

“Ungemsamehe.”

“Labda. Ingekuwa shauri langu.”

“Mimi nilikuwa naogopa, Winfrida.”

“Najua. Na yeye alikuwa anaogopa. Wote wawili mmenipenda kwa kuninyamazia.”

Nanyi mama wenzangu, kama mna jambo la binti yenu, lisemeni jikoni. Na ninyi mabinti, mwanaume akikuonyesha kitu kizuri kwa kidole, msifu, halafu uliza maswali. Uliza yote, hata ya kijinga. Anayekupenda atajibu kabla hujamaliza.

Tukasikia hodi ya uani. Gervas alikuwa amesimama nje ya geti, hakuingia. Mzee Gabrieli alishatangulia. Mtasema alikuwa amemfuata, amekaa kwenye vumbi kati ya geti na barabara, anahema, hajui aende wapi.

“Sikuja kubembeleza,” Gervas akasema. “Ni yeye tu. Anapumua vibaya kuliko wiki iliyopita. Nina karatasi moja. Niruhusuni, halafu naondoka.”

Nilifungua mdomo nimfukuze. Winfrida akanitangulia.

“Piga.”

Akaenda kuchuchumaa vumbini na kitenge kipya, akamshika mbwa shingoni, akalaza shavu lake kwenye lile sikio lililolala. Gervas alingoja. Alingoja sana. Sijui alikuwa anangoja mbwa afanye nini, au alikuwa anangoja nini kingine. Mwisho akabonyeza, kamera ikatoa karatasi yake nyeupe, na yeye hakuitazama. Akampa Winfrida palepale, bado haina kitu, akabeba boksi lake akashika barabara. Hakugeuka, au aligeuka nikiwa nimetazama kwingine.

Mwanangu aliifunika ile karatasi kwa kiganja, akapita mbele yangu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilisikia komeo.

Mtasema alikufa wiki ya pili yake, asubuhi, kibarazani. Sasa nikimwota namwota hana sura. Picha ile iko humo ndani mahali fulani. Kila Jumamosi nabadilisha mashuka ya kitanda kile, natandika juujuu, mikono yangu haiendi chini ya godoro. Nangoja mwanangu anionyeshe mwenyewe.